Taa ya Tairi na Nyundo ya Manyoni

Taa ile iliwaka Jumanne jioni, tukiwa hatujamaliza hata kuzunguka kipilefti kutoka dukani kwa Nadeem, na kufikia Ijumaa nilikuwa naichukia kuliko mende. Ni taa ndogo ya njano kwenye dashibodi. Umbo lake kama chungu, na ndani ya chungu kuna alama ya mshangao. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na miwili, najua alama ya mshangao ina kazi gani. Haiwekwi kama pambo.

Mume wangu alisema imewekwa kama pambo.

Yeye anaitwa Chediel, na kabla ya kuwa mstaafu mwenye gari alikuwa mkaguzi wa mabehewa stesheni ya Manyoni. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Treni ikisimama, anatembea kando yake kutoka kichwani hadi mkiani na nyundo yenye mpini mrefu, anagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lenye ufa linatoa mlio uliokufa, na hapo behewa linakatwa linabaki, hata ndani yake awe amekaa nani. Reli ilipokabidhiwa mwekezaji, watu wakapunguzwa, na Chediel akawemo. Alirudisha sare, akarudisha kofia, akarudisha bendera na taa ya ishara. Nyundo hakurudisha. Alisema haikuwemo kwenye orodha, nami sikumhoji.

Nyundo hiyo sasa inakaa chini ya kiti cha dereva. Gari lenyewe alituletea mwanetu mkubwa, Mazengo, aliyeko Dar es Salaam. Limetoka Japani, limeshatumiwa na wenyewe huko, nasi tukalipokea kama jipya. Ujana wetu hata baiskeli ilihitaji kibali na kujuana na mtu. Leo magari yanashuka melini kila wiki na kila nyumba ya pili hapa Utemini ina moja limefunikwa turubai. Sikatai, ni maendeleo. Ila gari la siku hizi limekuja na mdomo wake, linakuambia mambo, na mume wangu hakuwa tayari kuambiwa mambo na gari.

Rimu mpya zilikuwa wazo lake. Jumamosi ile binti yetu Jenipher alikuwa anafunga ndoa Shelui, anakofundisha, na Chediel hakutaka kuingia kanisani na rimu zilizopindwa na mashimo. Haya, tukaenda kwa Nadeem. Nadeem amezaliwa hapa hapa Singida, marehemu baba yake aliuza vipuri katika duka hilo hilo, na hesabu za darasa la nne nilimfundisha mimi. Aliweka rimu mpya na matairi mapya, kisha akatueleza kwamba ndani ya kila tairi, chini ya valvu, kuna kidude kinaitwa sensa. Kinapima upepo na kutuma habari mbele kwa dereva. Vile vinne vya zamani amevihamishia kwenye rimu mpya, kwa hiyo tuendeshe kidogo, vitaamka na kujitambulisha.

"Vinatuma kwa njia gani?" Chediel aliuliza.

Nadeem akasema kwa mawimbi, kama redio. Mume wangu alicheka mpaka akashika mlango. Redio ndani ya tairi! Tulipofika kipilefti, taa ikawaka.

Sasa nieleze kwa nini sikuweza kuiacha iwake kama wanavyofanya wenye akili zao tulivu. Kutoka Singida kwenda Shelui ni lazima uteremke mlima Sekenke. Anayeujua hahitaji kuelezwa. Asiyeujua, basi aulize wenye malori. Pale barabara inashuka na kukunja, kushoto ukuta wa mawe, kulia hewa tupu, na mtu ambaye tairi lake linamtupa kwenye kona hapati nafasi ya kuomba radhi. Chediel alikuwa ameshatangaza kwamba mama wa bibi harusi hatapelekwa kwenye harusi ya mwanawe na basi wakati mumewe ana gari mlangoni. Mimi nikatangaza kwamba sishuki Sekenke na taa ya tairi inawaka. Kwa hiyo tukawa na matangazo mawili na siku nne.

Jioni ile alichukua nyundo, akazunguka gari. Akagonga tairi la kwanza, akainamisha kichwa. La pili, la tatu, la nne. Akarudi amesimama wima kama yuko kwenye gwaride.

"Zima," akasema. "Yote manne."

Nikamwambia tairi si gurudumu la chuma. Akaniambia kila kitu kinachobeba uzito kina sauti yake. Nikamwambia tununue geji tupime kwa namba.

"Geji ni ya wasio na masikio," akasema, na mjadala ukafungwa.

Jumatano tulirudi kwa Nadeem. Alipima matairi yote, yakatoka sawa, thelathini na tatu kila moja. Akabonyeza kitufe chini ya usukani na kukishikilia mpaka ile taa ikapepesa mara tatu na kuzima. Akatwambia twende mwendo mrefu kidogo ili mashine ijifunze. Tukaenda njia ya Mtinko, kwa ndugu zangu, tukarudi na taa imezima kabisa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Alhamisi asubuhi Chediel alipowasha gari, chungu kikarudi na mshangao wake.

Alhamisi hiyo hiyo, kana kwamba taa haitoshi, jirani yetu Anastasia alinisimamisha bombani. Alisema mwanawe alimwamkia Mzee Chediel shikamoo, mara mbili, uso kwa kisogo, na Mzee akapita kama amepita gogo. Si mara ya kwanza, alisema, na wala si mwanawe peke yake. Watu wanaona tangu gari lije, Mzee ameota mapembe. Nilimwomba radhi, nikaenda nyumbani nimevimba. Huku kwetu mtoto asiyetoa shikamoo anachapwa, sasa mzee asiyeitikia marahaba tumfanye nini?

Nilimkuta sebuleni na redio yake, imefunguliwa mpaka vikombe kabatini vinatetemeka. Hilo nalo lilikuwa limenichosha miezi mingi. Mimi sauti yangu ni ya darasa la watoto tisini, nikisema chumvi jikoni anasikia jirani wa tatu, kwa hiyo sikuhitaji kuzima redio ili nimseme. Nikamsema. Nikamwambia alichosema Anastasia.

Akaniangalia kama mtu aliyedhulumiwa. Alisema wamwamkie nani? Vijana wa mtaa huu hawaamkii siku hizi. Wanapita kimya. Enzi za sare walikuwa wanapanga foleni kumwamkia, mtu akivua sare watu wanamwona fito. Alisema amekwishazoea.

Niliona ananigeuzia maneno, na hasira zikanipanda. Taa, nyundo, redio, shikamoo, yote yakaja kwa pamoja.

"Sikio la kufa halisikii dawa, Baba Jeni," nikamwambia. "Hilo ndilo lako."

Hilo alilisikia vizuri sana.

Ijumaa asubuhi nilimlazimisha twende tena kwa Nadeem, na safari hii nilipanda naye kabla hajawasha. Hapo ndipo nilipogundua jambo. Badala ya kwenda dukani moja kwa moja, alikunja kwenye kituo cha mafuta, akaita kijana wa upepo, akamwamuru ajaze matairi yote mpaka thelathini na tatu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema ndivyo alivyofanya na Jumatano, kabla ya kuja kunichukua. Manyoni, alisema, behewa halipelekwi kwa mkubwa na vumbi. Unalipiga brashi kwanza, unalitia grisi, ndipo unamwita akague.

Nilishika kichwa. "Baba Jeni, unameza dawa kwanza, halafu unakwenda kwa daktari unamwambia akutafute homa."

Akasema mimi sijui kazi.

Dukani nilimweleza Nadeem kila kitu mbele yake, hata aibu sikuona. Nadeem akatoa kidude kama rimoti ya televisheni, akakisogeza kwenye kila valvu. Sensa zote nne zilijibu, hakuna iliyokufa, hakuna inayosema uongo. Basi kama sensa ni nzima na taa inarudi kila asubuhi, akasema, kuna tairi linapoteza upepo polepole, huenda pale kwenye mpira wa valvu ambapo sensa imefungwa. Kosa linaweza kuwa la fundi wake na yuko tayari kulirekebisha. Ila kwa kuwa Mzee amejaza sasa hivi, yote yanaonekana sawa. Gari libaki pale mpaka jioni, waone ni lipi linashuka.

Sijawahi kumwona mtu akizungumza na mteja kwa subira namna ile. Nami nikajisifu moyoni kwamba nilimfundisha.

Chediel akakataa. Suti yake iko kwa fundi, mchele haujachukuliwa, na gari la baba wa bibi harusi halilali gereji siku moja kabla ya harusi. Watu watasema nini? Akatoa nyundo, akagonga matairi manne mbele ya wateja wote wa Nadeem, na kila moja akalipatia cheti chake. Zima, zima, zima, zima. Kisha akaomba utepe mweusi wa umeme, akakata kipande kidogo kwa meno, akaingia garini na kukibandika juu ya mahali pa taa.

"Sasa itaonya giza," akasema.

Nadeem alinitazama nami nikamtazama. Alipokuwa anatusindikiza alinitilia mkononi geji ndogo, nyembamba kama kalamu. Alinong'ona kwamba thelathini na tatu ni vizuri, na ikishuka chini ya ishirini na tano nisishuke mlima hata kama Mzee atakasirika. Niliitumbukiza kwenye mkoba pamoja na leso na Biblia.

Jumamosi tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ndoa ilikuwa saa tano. Nyuma alikaa dada yangu Magdalena na debe la mafuta ya alizeti miguuni, kuku wanne kwenye kikapu pembeni yake, na gauni langu limetandazwa mapajani lisikunjike. Chediel alikuwa tayari kwenye usukani tangu alfajiri, suti imemkaa vizuri kweli, na sikuwa na moyo wa kutoa geji mbele yake mlangoni. Mwanamke haanzi siku ya harusi ya mwanawe kwa ugomvi. Niliapa kimoyomoyo kwamba tukifika juu ya Sekenke nitapima, apende asipende, na nikikuta vibaya nitashuka kwa miguu na viatu vyangu vya harusi.

Njia nzima nilikitazama kile kipande cha utepe. Sijui kama chini yake taa ilikuwa inawaka. Hilo ndilo lililokuwa linanitia wazimu. Taa ikiwaka wazi unajua ugomvi wako uko wapi. Tulipita Iguguno, tukapita Misigiri. Magdalena alijaribu kuanzisha pambio, nikamwambia anyamaze. Chediel aliendesha huku anaangalia mbele kwa furaha, akisema gari limetulia sana. Mimi nilihisi linavuta kidogo kulia. Nikajiambia ni woga wangu.

Juu ya mlima malori matatu yalikuwa yamesimama. Ndiyo kawaida ya pale, dereva mwenye akili hashuki kabla ya kuangalia breki na kupiga matairi rungu. Sikuhitaji kusema neno. Chediel mwenyewe aliegesha nyuma ya lori la mwisho. Mteremko anauheshimu, hilo nampa. Alivua koti la suti, akalikunja na kunipa, akachukua nyundo. Nami nikashuka, mkono umo ndani ya mkoba.

Alianza mbele kushoto. Tairi likalia, mlio mfupi uliokaza, kama ngoma iliyowambwa vizuri. Mbele kulia, vivyo hivyo. Nyuma kushoto, vivyo hivyo. Akafika nyuma kulia, akagonga, na tairi likatoa sauti kama mtu amepiga gunia la pumba.

Mimi si mkaguzi wa kitu chochote. Lakini hata kuku ndani ya kikapu wangeweza kusema kwamba lile halikufanana na yale matatu.

Chediel aliinamisha kichwa, akasikiliza vile vile kama anavyosikiliza siku zote, akanyooka.

"Zima," akasema. "Yote manne."

Nilidhani ananifanyia kusudi. Nasema kweli, nilidhani amekubali tufe ili tu asishindwe na taa. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia hivyo hivyo wakati dereva wa lori la mbele yetu alipokuja akijifuta mikono. Alikuwa mtu mzima wa makamo, baadaye alituambia anaitwa Alute, kwao Ilongero. Alisimama hatua tatu nyuma ya Chediel.

"Shikamoo mzee," akasema.

Chediel alikuwa anafuta kichwa cha nyundo kwa kitambaa. Aliendelea kufuta.

"Shikamoo mzee," Alute akarudia. Akangoja. Kisha akanigeukia mimi, akaniamkia, nikaitikia, na kwa sauti ya heshima akaniambia samahani, huenda Mzee ana mawazo, ila lile tairi la nyuma limelia vibaya, asingependa tushuke nalo.

Maneno hayo aliyasema pale pale, hatua tatu kutoka mgongoni mwa mume wangu, kuhusu tairi ambalo mume wangu alikuwa ametoka kuligonga. Katika maisha yake yote Chediel hajawahi kumwacha mtu aseme neno juu ya gurudumu alilolipitisha bila kumgeukia. Hakugeuka.

Hasira zangu za wiki nzima zikakosa pa kukaa.

Nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu tuoane. Nikamwita kwa sauti ndogo. "Baba Jeni." Ya chini tu, kama watu wanavyoitana kanisani. Akakikunja kile kitambaa, akakiweka mfukoni. "Baba Jeni," nikasema tena, sauti ile ile, na macho yakaanza kuniuma. Alikuwa anatazama bonde lote la chini, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

Kisha nikaita kwa sauti yangu ya darasani, na akageuka papo hapo.

"Unapigia nani kelele?" akauliza.

Nikatoa geji, nikachuchumaa na nguo yangu ya safari, nikafungua kifuniko cha valvu na kuikandamiza kama Nadeem alivyonionyesha. Kijiti kikatoka. Nikampa asome mwenyewe.

Alisoma akiwa ameiweka mbali na macho. Kumi na tisa.

Akasema geji imeharibika. Nikapima la mbele mbele yake, thelathini na mbili. Nikapima tena la nyuma, kumi na tisa. Alichukua nyundo akaligonga lile tairi, kwa nguvu safari hii, na sote tukasikia gunia la pumba, mimi, Alute, na Magdalena aliyekuwa ametoa kichwa dirishani. Chediel akatazama tairi. Akatazama geji. Kisha akatutazama nyuso zetu mmoja mmoja, na nadhani ni nyuso zetu ndizo zilizomwambia.

"Wewe umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Limelia vipi?"

"Limekufa," nikasema. "Halilii kabisa."

Aligonga la mbele, akaweka sikio karibu kabisa na mpira. Akagonga la nyuma, akaweka sikio. Alifanya hivyo mara nne au tano, suruali ya suti imegusa vumbi, na hakuna aliyemzuia. Mwisho akaacha kusikiliza, akaweka kiganja juu ya tairi na kukiacha hapo.

Alute ndiye aliyebadilisha. Aliingia chini na jeki yake mwenyewe, akafungua nati, akaweka tairi la akiba lenye rimu ya zamani, yote kwa dakika ishirini, akachafua shati lake ili nguo zetu za harusi zibaki safi. Alipomaliza alisimama mbele ya Chediel, uso kwa uso, akamwamkia tena. Mume wangu aliona midomo ikisogea, akanigeukia.

"Anakuamkia," nikamwambia.

"Marahaba," Chediel akasema. "Marahaba, mwanangu." Akamshika mkono kwa mikono miwili.

Tulipoingia garini alibandua ule utepe. Taa ilikuwa inawaka, na ingeendelea kuwaka kwa sababu tairi la akiba halina sensa. Safari hii sikuwa na ugomvi nayo. Chediel alishusha gia, tukaanza kuteremka taratibu nyuma ya malori. Kwenye kona ya tatu akazungumza, macho yakiwa barabarani.

"Mwaka ule wa mwisho Manyoni," akasema. "Nilikuwa nawaambia wenzangu upepo unavuma sana siku hizi, unanizuia kusikia vizuri. Nikawa nagonga mara mbili mbili."

Nikasema Manyoni kweli kuna upepo.

"Nilikuwa nagonga, halafu nainua bendera ya kijani. Watu mle ndani wamelala, watoto, akina mama na mizigo yao. Nikasema liende." Alikaza usukani. "Mama Jeni, mimi nilikuwa nasikia nini?"

Nilimwekea mkono begani, nikauacha pale hadi chini ya mlima.

Chini barabara ilinyooka, joto likaingia madirishani, na vibanda vya kwanza vya karibu na Shelui vikaanza kuonekana. Chediel alipunguza mwendo.

"Na kule mtaani," akauliza, "wale vijana. Mwana wa Anastasia."

"Wanakuamkia."

"Wote?"

"Wote, Baba Jeni. Kila siku. Wewe ndiye usiyeitikia."

"Nilijua wameacha," akasema. "Niliporudisha sare. Nikasema basi, ndivyo binadamu walivyo." Miaka saba, nikahesabu. Miaka saba anapita mtaa wake mwenyewe akiamini hakuna mtu anayemtambua, na mimi nyumbani namwambia ana kiburi, na juzi nimemtupia lile la sikio la kufa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Nilimwambia anisamehe. Sina hakika kama alisikia, maana sauti ilinikatikia njiani, na sikupata nguvu ya kurudia.

Alishusha kioo cha upande wake mpaka chini. Pembeni mwa barabara walikuwa wamekaa wanawake na beseni za vitunguu, mzee mmoja na baiskeli yake, na watoto wawili wanachunga mbuzi. Chediel alitoa mkono nje.

"Marahaba," akawaambia wanawake. "Marahaba, marahaba," akawaambia watoto.

Yule mzee wa baiskeli alikuwa amemzidi Chediel miaka kumi au zaidi, na kinywa chake kilikuwa kimefumbwa. "Marahaba," mume wangu akamwambia naye, na mzee akaegemea baiskeli yake akatushangaa. Siku nyingine yoyote ningemsahihisha hapo hapo. Magdalena alinigusa bega akitaka niseme kitu. Nikamwondoa mkono, nikanyamaza, na tukaendelea hivyo hivyo mpaka mlangoni mwa kanisa, yeye anaitikia kila tuliyempita.